Nani Anasubiri Nje

Kamati ya ofisi ilinikabidhi kazi mimi, Zamoyoni wa Malipo,
kwa sababu nasoma risiti hadi mgongoni.
Watu kumi na mmoja, siku saba, mlima mmoja,
na barua tatu za bei juu ya meza yangu
Barabara ya Samora, ghorofa ya tano,
feni ikizigeuzageuza, nayo inatafuta nafuu.

Barua ya kwanza ilikuwa rahisi. Rahisi mno.
Chakula cha mgeni kimeandikwa, hata asali imeandikwa,
mtungi wa hewa, choo cha kubebwa,
keki kwa atakayezaliwa njiani.
Wapagazi: "watakuwepo."
Kama mawe. Kama ukungu.

Jioni nikamuuliza Ndekirwa,
mlinzi wa jengo letu, Mtaa wa Mkunguni, Kariakoo,
anayevaa kofia ya sufu Februari hii
ambapo hata paka wamelaza matumbo kwenye vigae.
Alibeba miaka tisa. Waliitwa wagumu,
jina tamu kuitwa, anasema, ila dukani halinunui unga.

"Usiwaulize kama wanatupenda. Wote wanatupenda.
Uliza mahema.
Sisi tulilala katika hema lenu la kulia chakula.
Mgeni akikawia na chai yake,
akisimulia mbwa wake, akisimulia talaka yake,
sisi tuko nje, kumi na wanne, tunahesabu vikombe.
Baridi inapanda kutoka kwenye soksi.
Yeye anaomba maji ya moto tena."
Akafungua geti kumpisha muuza maji,
na mazungumzo yakaishia hapo.

Usiku ule lifti ilikuwa imekufa, kawaida yake mwisho wa mwezi.
Nilikuwa na mchele, kilo ishirini.
Nikaukataa mkono wa kijana wa duka,
nikautwika mwenyewe.
Ghorofa ya tatu nilimkumbuka Mungu.
Ya nne nikawakumbuka vijana wote walionipandishia magunia
kwa shilingi elfu moja,
na mimi nikaomba wanipunguzie.
Ya tano nikaketi kwenye ngazi,
katika mji ambao bahari ndiyo sifuri ya kila kipimo,
hewa tele, hewa ya bure,
na bado sikuipata.

Asubuhi nikapiga simu.
Kampuni ya kwanza: "Dada, hayo ni mambo ya ndani."
Ya pili ikanisomea sera ukurasa mzima, kwa sauti ya redio;
nilipouliza nani anasubiri nje, mtandao ukakatika.
Nikapiga tena. Ukakatika tena.
Ya tatu, mwanamke akakohoa kwanza.
"Msimu uliopita mahema yalipungua mawili.
Tulikosea. Tumenunua. Nikutumie risiti?"

Risiti! Moyo wangu wa kihasibu ukaruka kichura.
Akaituma, pamoja na karatasi ya bahashishi:
majina, kiasi, sahihi za waliopokea,
mmoja wao dole gumba tu,
wino wa bluu umevuka mstari.

Ilizidi kwa laki tatu na nusu kila kichwa.
Kikaoni Bwana Mchopa wa Masoko akagonga kalamu:
"Tunakwenda kupanda mlima au kufungua chama cha wafanyakazi?"
Nilikuwa na jibu refu, lenye jedwali.
Nikasema tu kwamba mchele upo, na ngazi zipo.
Wawili wakajitoa.
Mmoja akarudi Ijumaa, hakueleza.

Sasa nafunga begi.
Nimetoa pasi, nimetoa viatu vya akiba,
nimetoa mafuta ya nywele ya chupa nzito;
kila nikitoacho nakisindikiza kwa uzito wake, kwa sauti,
jirani wa pembeni adhani nauza kitu.

Getini nikamuuliza Ndekirwa nimletee nini kutoka kwao.
Akafikiri. Akavua kofia, akajikuna, akaivaa.

"Chai ikiisha," akasema, "inuka."